Kisiwa cha Bwawa la Tatu

Kila siku saa kumi na nusu jioni baba yangu alirudi kutoka kazini, na kila siku saa kumi na robo mimi nilianza kusokotwa na tumbo. Haukuwa ugonjwa. Kilikuwa kinyaa. Nilijua kwamba baada ya robo saa nitaitwa nyuma ya nyumba kushika kopo la maji, na nilijua kitakachonifikia puani kabla baba mwenyewe hajakunja kona.

Baba alikuwa mtunza mabwawa ya maji taka ya mji wetu. Vyoo vyote vya mjini, vya hoteli na vya hospitali, vya matajiri wenye marumaru na vyetu sisi, humwaga mali yao kwenye bomba moja kubwa, na bomba hilo huishia kwake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha uchafu ule unapita katika bwawa la kwanza, la pili na la tatu, ukituama na kusafika kidogo kidogo, ndipo maji yaende mtoni. Alifyeka majani ya kingo, alivuta utando uliotanda juu ya maji kwa reki ndefu, na kila asubuhi alipima kina. Mtu mwingine angesema ni kazi ya maana. Mimi nilisema, kimoyomoyo, kwamba baba yangu analea kinyesi.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwenye sakafu ya kibaraza cha nyuma alikuwa amepaka mstari mwekundu kwa rangi iliyobaki ya mlango. Upande wa nje wa mstari ulikuwa wa mabuti, ovaroli na glavu. Upande wa ndani ulikuwa wa watu. Hakuna kitu kilichovuka mstari ule kabla hakijaoshwa, hata funguo zake. Mama, ambaye ni fundi cherehani na hupokea nguo za watu nyumbani, alisema bila mstari ule wateja wangekuwa wamemkimbia zamani. Basi baba alivua mabuti, akachuchumaa, akanyoosha mikono, nami nikammwagia maji. Alijisugua kwa sabuni ya mche kuanzia kwenye kucha hadi kwenye viwiko, akasuuza, akaanza upya. Mara tatu. Hakuwahi kuishia ya pili, hata siku ambazo maji yalikuwa ya kugombania.

"Ya ngapi hiyo?" aliniuliza kila siku.

"Ya pili, baba," nilijibu nikiwa nimegeuza uso na kubana pua, sauti ikitoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Mwanangu, hiyo shingo itabaki huko huko," alinitania. "Siku ya kupigwa picha shuleni watapiga kisogo."

Nyumbani waliniita Kinyaa, na jina lilinikaa sawasawa. Sikunywea kikombe alichonywea mtu mwingine, hata kama ni mama yangu mzazi. Nilifuta kiti kabla ya kukaa na baada ya kuondoka. Nzi akitua kwenye sahani yangu, nilimwachia sahani.

Tulikuwa tumehamia mji ule mwanzoni mwa mwaka, na shule yangu ilikuwa upande wa pili wa mji, mbali na mabwawa. Hakuna mwanafunzi aliyejua kazi ya baba, nami nilikusudia mambo yabaki hivyo. Ndipo siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili akatupa insha: Kazi ya Mzazi Wangu.

Nilitafuna kalamu mpaka ikapasuka. Mwishowe niliandika kwamba baba ni mtunza mabwawa. Niliandika kwamba kuna mabwawa matatu yaliyozungukwa na miti mirefu, kwamba katikati ya bwawa la tatu kuna kisiwa wanakotaga ndege weupe, na kwamba baba ana chelezo cha mapipa manne na mbao, ambacho huelea nacho asubuhi kulikagua bwawa lake. Hamkuwa na sentensi hata moja ya uongo. Niliruka maneno mawili tu: maji taka.

Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa, na kichwa kikanivimba.

Wakati ule darasa letu lilikuwa limeambukizwa kitabu. Kilikuwa kitabu chakavu kisicho na jalada, cha watoto ambao meli yao ilivunjika wakajikuta peke yao kisiwani. Tulikuwa tukikisoma kwa zamu, wengine chini ya dawati. Aliyekileta alikuwa rafiki yangu Kamusi. Tulimwita hivyo kwa sababu hakukuwa na neno asilolijua, wala kitabu alichowahi kukiacha katikati. Insha yangu ilipomalizika kusomwa, macho yake yalikuwa yakiwaka.

"Jamani, sisi tunasoma kisiwa cha karatasi," alisema, "kumbe mwenzetu ana cha kweli!"

"Twende Jumamosi," akadakia Nahodha, mvulana wa dawati la nyuma yetu. Cheo hicho alijipa mwenyewe, ingawa bahari hakuwahi kuiona. Alichokuwa nacho ni filimbi shingoni na kamba mfukoni.

Ningeweza kusema kwamba baba hataki wageni. Ningeweza kusema kweli yote, nikachekwa siku mbili, yakaisha. Badala yake nilikaa nikapanga kama mwizi. Kila Jumamosi asubuhi baba hupeleka chupa za maji ya mabwawa maabara kupimwa, kwa hiyo hatakuwepo. Getini kuna kibao cha HATARI, kwa hiyo tutapita nyuma, kwenye miti, ambako waya wa uzio umelegea. Bwawa la tatu halinuki sana upepo ukiwa mzuri. Watakitazama kisiwa dakika tano, nao watarudi nyumbani wakinisifu.

Jumamosi ikafika, na upepo ulikuwa mzuri. Tulitokea kwenye miti saa tatu asubuhi, jua likimetameta juu ya maji ya kijani, ndege weupe wakiwa wamekijaza kisiwa. Hata mimi nilidanganyika. Kwa dakika moja niliamini insha yangu.

"Sijawahi kuona!" Kamusi alinong'ona, mkono kifuani.

Nahodha hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa ameshakiona chelezo cha baba, kimefungwa ukingoni na upondo wake, mti mrefu wa kukisukumia, umelala juu.

"Hicho hakiguswi," nilisema haraka. "Baba hataki."

"Aa, kwani insha ilisemaje? Au ulipiga chuku?"

Maneno hayo yalinichoma. Nilikifungua chelezo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Nahodha alipiga filimbi, Kamusi alikaa mbele akitangaza nchi kavu, nami nilisukuma kwa upondo. Halafu upondo ulizama kwenye tope la chini, nikauvuta, ukaja na kitu cheusi kinachoteleza kama ugoro uliolowa. Harufu ya mayai viza ilinipiga usoni. Nilimeza mate, na kuyameza kwenyewe kukanichefua.

"Mbona maji yana rangi ya mboga?" Kamusi aliuliza.

"Ni vimea vya majini," nilijibu. Na hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimekuwa fundi wa kweli nusu nusu.

Kisiwa kilipendeza kutoka ng'ambo. Tulipokanyaga, tuligundua kwamba weupe wote ule ulikuwa mavi ya ndege, yaliyokauka chini na mabichi juu. Nzi waliinuka kama vumbi. Kulikuwa na yai lililopasuka, na ndani yake kifaranga kilichooza kilichojaa funza. Nilijikaza kisabuni nisitapike. Nahodha, ambaye sasa alitembea kwa ncha za vidole, alisema kwamba wale watoto wa kitabuni huenda nao walianza hivi hivi. Alikifunga chelezo kwa fundo aliloliona kwenye mchoro wa kitabu, akaja akapiga saluti.

Kamusi alikuwa amebeba chakula cha manusura: mkate na mayai mawili ya kuchemsha, aliyofungiwa na mama yake. Nahodha alikuwa ameshamaliza chake tukiwa bado njiani. Mimi nilisema nimeshiba.

"Mama amesema ninawe kwanza," alisema Kamusi.

Akashuka ukingoni, akachuchumaa, akanawa. Alinawa vizuri mno, kama tulivyofundishwa shuleni, kidole kimoja kimoja, nyuma ya kiganja, chini ya kucha, mpaka kwenye vifundo. Alikuwa akiimba ule wimbo wa kunawa wa darasa la kwanza. Neno lilikuwa pale pale kooni, neno fupi tu, *acha*, na nyuma yake yangetoka yale mawili niliyoyaruka. Mimi, Kinyaa, niliyesusa kikombe cha mama yangu, nilisimama nikamtazama rafiki yangu akinawa kwa maji ya vyoo vya mji mzima, kisha akamenya yai kwa vidole vile vile, akalila, akalamba chumvi kidoleni.

Mpaka leo nikikumbuka ulimi ule kwenye kidole kile, napoteza hamu ya kula.

Alikuwa amefika nusu ya yai la pili Nahodha alipopiga kelele. Fundo la kitabuni lilikuwa limefunguka lenyewe. Chelezo kilikuwa kikienda zake polepole, kikazunguka mara moja kana kwamba kinatuaga, kikanasa kwenye matete mbali nasi, kama hatua ishirini.

"Sasa sisi ni manusura kweli," alisema Kamusi, na bado alikuwa akitabasamu.

Upepo ukageuka.

Harufu ilikuja mara moja, nzito, ya kushikika. Wote wawili walifunika pua. Na wakati huo huo, ng'ambo kwenye bwawa la kwanza, gari likaingia kinyumenyume. Lilikuwa lile gari la kunyonya vyoo ambalo kila mtoto wa mjini hulikimbia akiliona. Dereva alishuka, akaburuta mpira mnene mpaka ukingoni, akafungua koki. Kilichotoka sitakieleza, kila mtu anakijua. Tulipiga kelele, Nahodha akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba, lakini injini ilikuwa ikinguruma na dereva hakusikia. Alimwaga, akapanda gari, akaondoka.

Nahodha aliyafuata mabwawa kwa kidole. "Lile linaingia kwenye lile," alisema taratibu. "Na lile linaingia kwenye..." Akatazama miguu yake. "Umetuleta chooni! Hiki ni choo cha mji mzima!"

Kamusi hakupiga kelele. Alilitazama yai, akaliachia likaanguka. Akaitazama mikono yake, akaanza kuisugua kwenye nyasi, kwenye gauni, kwenye nyasi tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Ulijua?" aliniuliza.

Nilikitazama chelezo kwenye matete.

"Uliniona ninanawa, na ulijua?"

Hakuna kitu duniani kilichowahi kunitia kinyaa kama nilivyojitia mimi mwenyewe wakati ule.

Nilifikiri nitarekebisha. Kati ya kisiwa na yale matete kulikuwa na nguzo ya kipimo, ile ambayo baba huisoma kila asubuhi, na mistari yake ilionyesha kwamba maji yangemfika baba kiunoni. Nilivuta pumzi, nikafunga mdomo kama mtu aliyeshonwa, nikaingia majini. Yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo ndilo lililonishtua zaidi, ule uvuguvugu. Yalinifika kifuani. Chini kulikuwa na uji mzito uliopanda kati ya vidole vya mguu, ukanyonya kiatu changu kimoja, ukabaki nacho. Kuna kitu laini kilinigusa tumboni, nikajiambia ni jani, ni jani, ni jani, mpaka nikakishika chelezo, nikarudi nacho kuwachukua.

Tulipofika ukingoni niliwapeleka kwenye bomba la maji safi ambalo baba hutumia kazini, na sabuni yake. Niliwasimamia kama yeye. Mara tatu, mpaka kwenye viwiko. Lakini sabuni haingii tumboni, na yai lilikuwa limeshashuka.

"Tafadhali msimwambie mtu," niliwaomba. "Tule kiapo, kama wale wa kitabuni."

Nahodha aliapa upesi, maana yeye ndiye aliyefunga lile fundo. Kamusi alinitazama kwa muda mrefu. Katika vitabu vyake vyote, mvunja kiapo ndiye mtu wa chini kuliko wote.

"Sitasema," alijibu. "Lakini usinikalie karibu."

Nyumbani nilimwambia mama kwamba nilianguka mtaroni, na kiatu kikaenda na maji. Mama alisema pole.

Jumatatu Kamusi hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano mwalimu alituambia kwamba amelazwa kwenye kituo cha afya, anaharisha damu na ana homa kali. Baada ya masomo mimi na Nahodha tulikwenda kumwona.

Chumba kilinuka dawa, na chini ya dawa kulikuwa na ile harufu nyingine. Ndoo ilikuwa chini ya kitanda. Kamusi alikuwa amelala ubavu, chupa ya maji ikidondoka taratibu kuingia mkononi mwake, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Siku nne tu. Pembeni mama yake alikaa kwenye benchi, akiwa ameshika kitambaa ambacho hakukitumia kwa lolote.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Mmemwona mwenzenu?" Akageukia kitanda. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Ni yale mayai. Nilikuwa na haraka, nikayatoa motoni hayajaiva. Mama gani anamlisha mtoto wake sumu?"

Muuguzi aliingia na faili. Alikuwa dada mrefu mwenye sauti ya kuchoka. "Bado dawa haimkamati vizuri," alisema. Akainama kitandani. "Binti, jitahidi kukumbuka. Jumamosi ulikula nini kingine? Ulikunywa maji ya wapi? Ulicheza wapi?"

Kamusi alifungua macho. Alinitazama mimi, moja kwa moja.

"Sikumbuki," alisema.

Alikuwa akinuka, alikuwa akitetemeka, na alikuwa akinitunzia siri yangu. Nilihisi kitu kinapanda kooni. Nilidhani ni matapishi. Kumbe yalikuwa yale maneno mawili.

"Maji taka," nilisema. "Alinawa kwa maji taka, halafu akala. Si mayai. Mama, si mayai yako. Mimi niliwapeleka kwenye mabwawa ya maji taka. Nilikuwa namwona ananawa. Nilijua, na sikumwambia."

Nahodha alitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Chelezo tulipanda wote."

Muuguzi hakupoteza muda kunigombeza. Aliniuliza bwawa la ngapi, saa ngapi, alimeza kiasi gani, nani mwingine aliingia majini. Aliandika mbio mbio, akamwita daktari, wakachukua vipimo vingine. Alipokuwa akibadilisha dawa alisema bila kunitazama, "Siku tatu tumekuwa tukitibu yai." Halafu akatupeleka mimi na Nahodha chumba cha pili, tukapimwa nasi.

Niliporudi kuaga, mama yake Kamusi alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, gauni lake akalikusanya lisiniguse. Niliufahamu mwendo ule. Ndivyo mimi nilivyokuwa nikimfanyia baba kila jioni.

Saa kumi na nusu baba alipokunja kona, alinikuta nimesimama kibarazani. Sikuwa na kopo. Na nilikuwa nimesimama upande wa nje wa mstari mwekundu.

"Umesimama pabaya, mwanangu," alisema. "Huko ni kwa mabuti."

Nilimweleza yote, kuanzia insha mpaka kitanda cha Kamusi. Nilipofika pale nilipoingia majini, alikaa chini ghafla, mabuti yakiwa bado miguuni.

"Uliingia?" alisema. "Peke yako? Ulisoma kina cha maji, na kina cha tope je? Nguzo ile haipimi tope! Miezi miwili iliyopita ng'ombe mzima alinasa mle, tukamtoa kwa trekta, na hakupona." Akafunika macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa havijaoshwa. Sikuwahi kumwona baba akiogopa.

Kisha alinyanyuka, akafungua kijifuko cha plastiki kilichokuwa kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa insha yangu. Nilidhani nimeipoteza.

"Mama yako aliiona kwenye daftari, akanipa," alisema. "Nimekuwa nikitembea nayo. Nimewasomea wenzangu, nimemsomea na dereva wa gari lile. Walinicheka, wakasema sasa nimepata mwandishi wa kuniandika. Niliona kuna maneno mawili hayapo. Nikawaambia, mtoto amesahau."

Aliikunja tena, polepole.

"Hukusahau."

"Sikusahau, baba. Nisamehe."

Ndani, cherehani ya mama ilisimama.

"Sikiliza, Kinyaa wangu," alisema. "Kinyaa si kitu kibaya. Mimi ninacho kuliko wewe. Kwa nini unadhani naosha mara tatu? Kinyaa ndicho kinachotulinda tusile uchafu. Siku ile mwenzako aliponawa, kinyaa chako kilikupigia kelele, na ulikisikia. Ukakinyamazisha ili usipoteze sifa za darasani. Ukaona aibu ya mikono yangu, ambayo inaoshwa, ukaficha hatari, ambayo haioshwi mpaka itajwe. Uchafu nikikuonyesha uko wapi, utaupita mbali. Nikikuficha, utaula. Kazi yangu yote ni hiyo tu: kuujua uchafu uko wapi na kuusema. Leo umesema. Umechelewa, na mwenzako amelipa kwa kuchelewa kwako. Lakini umesema."

Jioni ile ile aliniongoza kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi wa Nahodha, nikarudia maneno yale yale kila mlango. Kila mlango ulikuwa mzito kuliko uliotangulia. Kesho yake waya wa uzio ulikazwa, na kibao cha pili cha HATARI kikasimamishwa upande wa miti.

Insha nilimwomba baba anirudishie, nikaisoma mwenyewe mbele ya darasa na maneno yake mawili mahali pake. Darasa zima lilisema "Uuuu!" na wengine wakabana pua. Nilichekwa siku mbili, kama nilivyojua tangu mwanzo, yakaisha.

Kamusi alirudi baada ya wiki mbili, shingo imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. Alisimama kando ya dawati letu kwa muda, kana kwamba anapima kina, kisha akakaa.

"Ulivunja kiapo," alisema.

"Nilivunja."

"Afadhali." Akatoa kile kitabu kisicho na jalada. "Ukurasa wa mwisho haupo, unajua? Sijui wale watoto waliokolewaje. Uandike wewe. Ila safari hii usiruke kitu."

Jioni hiyo mama yake alikuja kwetu bila taarifa, akapita ndani moja kwa moja hadi kibaraza cha nyuma alikosikia sauti. Baba alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa povu, nami nilikuwa na kopo. Harufu ilikuwa ile ile ya siku zote, na tumbo lilinisokota vile vile. Lakini uso wangu ulikuwa mbele.

"Nimekuja kushukuru," alisema yule mama. "Muuguzi ameniambia dawa ilibadilishwa kwa wakati. Na nimekuja kukusalimia wewe, mzee." Akavuka mstari mwekundu na viatu vyake safi, akaja upande wetu wa nje, akanyoosha mkono.

Baba alirudisha mikono yake nyuma upesi.

"Samahani sana, mama. Subiri kidogo." Akanigeukia. "Ya ngapi hiyo?"

"Ya pili, baba," nilijibu.

"Basi mwaga."

Nilimwaga. Alisugua kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, bila haraka, akasuuza, akajifuta kwa taulo safi niliyompa. Mama yake Kamusi alikuwa bado amenyoosha mkono, akingoja. Wakasalimiana.